Mama mkwe amewakuta askari wangu chini ya kitanda

SWALI

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari, naishi Uyole hapa Mbeya. Nina mke na mtoto mmoja wa miaka minne. Sinywi, sibeti, na jua likizama nipo nyumbani. Ugonjwa wangu ni mmoja tu: nakusanya askari wa sanamu, wale wadogo wa kuchezea vita vya kihistoria mezani. Unawapaka rangi za sare za enzi zao mmoja mmoja, unawapanga, unapima mwendo kwa rula, unarusha dadu kujua nani kapigwa, na vita vilivyokwisha zamani vinapiganwa upya sebuleni. Nilianza mwaka 2021 kwa kutazama video kwenye simu, na tangu hapo sijapona.

Shida ni pesa. Vitu hivi vinatoka Uingereza. Mwezi wa tatu nilikopa 250,000 kwenye kikoba, nikamwambia mama Tumaini ni ya kozi ya walimu. Nikaagiza sanduku moja la Wafaransa wa Napoleon, 24, wa chuma. Ukiweka bei, usafiri, na ushuru na VAT nilivyodaiwa mzigo ulipofika, sikurudi na hata nauli ya bajaji. Mpaka leo nimepaka rangi wanane. Ninao pia Warumi 17 niliouziwa na mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao, wapanda farasi 6 wa zama za kati, na kifaru kimoja cha Vita vya Pili vya Dunia. Mjomba, hata nikitaka kucheza siwezi. Mrumi atapigana vipi na kifaru?

Wote hawa nilikuwa nawaficha kwenye boksi la viatu chini ya kitanda. Ili rangi isichubuke nikawafunga kwa kitambaa, na kitambaa kilichokuwepo kilikuwa chekundu. Wiki mbili zilizopita mama mkwe alikuja kutoka Tukuyu kumwona mjukuu. Akafagia, akavuta boksi, akafungua. Akakuta watu wadogo wadogo wamefungwa kwenye kitambaa chekundu, wengine hawana vichwa kwa sababu vichwa vyao nilikuwa sijavigandisha. Jioni narudi nakuta wazee wa kanisa wanne wamekaa sebuleni wananisubiri, na boksi liko nje chini ya mparachichi. Hakuna aliyekuwa tayari kuligusa.

Nimejieleza, wazee wamenielewa nusu. Mama mkwe amerudi Tukuyu hajaniaga. Mke wangu anaiita "midoli yako", na sasa ameanza kuuliza cheti cha ile kozi kiko wapi.

Ndoto yangu ni kutengeneza vita ya Lugalo, ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na Wajerumani, niwaonyeshe hata wanafunzi wangu. Lakini kwa mshahara wa mwalimu, nitajenga vipi jeshi? Au niache tu?

Mwalimu, Uyole

JIBU

Marahaba mpwa, na kamwene kutoka Iringa. Nimecheka mpaka chai imenipalia. Halafu nikarudia kusoma pale kwenye kikoba, nikaacha kucheka.

Tuanze hapo, maana ni pafupi. Kozi haikuwepo, na mama Tumaini ameshajua kwamba haikuwepo, anakupa tu nafasi uiseme mwenyewe. Iseme leo. Deni la kikoba lirudi kabla hujanunua hata brashi. Siwezi kukufundisha kubana matumizi kwenye kitu ambacho bei yake umemficha mwenye nyumba mwenzako.

Mama mkwe naye usimtumie mjumbe. Panda gari la Tukuyu na askari watatu waliokamilika, wenye vichwa, mfukoni. Waweke mezani mchana kweupe, awashike. Mwambie hawa ni askari, na hivi ndivyo walivyovaa. Mama wa Rungwe hahitaji kufundishwa Wajerumani walikuwa akina nani, jengo lao liko Masoko mpaka leo pale ziwani. Ila kile kitambaa chekundu kichome, mwanangu. Hata mimi ningeita wazee.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, ambayo naifahamu kwa sababu nimefundisha sanaa na kazi za mikono miaka mingi, na kabati langu la vyombo lina askari wengi kuliko sahani.

Kosa lako si umaskini. Umenunua sanamu kabla ya kuwa na vita. Wafaransa 24 bila adui ni pambo la dirishani. Anayejenga jeshi kwa pesa kidogo huchagua kwanza pambano moja, tena dogo, akahesabu linahitaji watu wangapi kwa kila upande, ndipo akafungua pochi. Wewe umefanya kama mtu anayenunua vioo vya madirisha na kiwanja hana.

Tena anza bila sanamu kabisa. Unacheza bao? Kete 64, hakuna hata moja iliyochongwa uso, na wazee wanagombana nazo mpaka magharibi. Mwaka 1824 luteni mmoja wa mizinga wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliwaonyesha wakuu wa jeshi lake mchezo wa vita uliokuja kutumika kufundishia maofisa. Askari wake walikuwa vipande vidogo vya mstatili, vyekundu na bluu, juu ya ramani. Basi. Kata vipande vya mbao, andika juu yake "Wahehe 20", "askari 20", "punda na mzinga", ucheze Lugalo mara tano na sheria ulizoandika mwenyewe kwenye daftari. Dadu za ludo zinatosha. Ukicheza mara tano utajua ni sanamu gani unazihitaji kweli, na utashangaa ni chache.

Lugalo yenyewe unaijua, ila nikukumbushe kwa jicho la mpanga meza. Tarehe 17 Agosti 1891 Emil von Zelewski, kamanda wa Wajerumani, anatembea na msafara mrefu mwembamba: Wazungu kumi na kitu, askari Waafrika mia tatu hivi, wengi wao Wasudani na watu walioandikishwa Msumbiji, na wapagazi nyuma yao. Mizinga na bunduki za Maxim, zile za kumimina risasi mfululizo, zimefungwa juu ya punda. Wahehe, wanaokadiriwa elfu tatu, wamelala kwenye vichaka na mawe ya mteremko, mikuki mikononi, bunduki chache. Inasikika risasi ya ishara, wanainuka, na baada ya dakika kumi au kumi na tano kazi imekwisha. Zelewski kafa, Wazungu waliokufa kwa jumla ni 10, pamoja na askari wake walio wengi.

Ukifuata kawaida ya sanamu moja kusimama badala ya watu 20, askari wanakuwa 15 au 16, wapagazi wanane, punda watatu. Hao unawamudu. Lakini Wahehe wanakuwa 150! Hapo ndipo wengi wanaacha. Mbinu ni hii: tengeneza Wahehe 40 tu, na kila anayeanguka anarudi ukingoni mwa meza na kuingia tena zamu inayofuata kama kikosi kipya. Askari wa Mjerumani akifa kafa moja kwa moja. Macho yataona jeshi lisilokwisha, na ndivyo walivyoliona wale wa kwenye msafara. Ukitaka mchezo mdogo zaidi, acha msafara wote, cheza mkia wake: Luteni von Tettenborn, aliyekuwa na walinzi wa nyuma, alikusanya masalia juu ya kilima akajilinda pale. Kilima kimoja, askari 20, Wahehe 30. Meza ya kulia chakula inatosha, bila hata kuongeza ubao.

Sasa hao 60 wanatoka wapi? Mimi wa kwangu nawatengeneza kwa waya. Usinicheke, ngoja kwanza.

Chukua waya wa shaba kutoka kwenye chaja ya simu iliyokufa. Ile nyembamba sana isokote nyuzi nne kwa pamoja. Kata kipande cha sentimita saba, kikunje katikati, pindo lile lizungushe mara moja liwe kichwa, chini yake funga kipande cha pili kwa kukipitisha msalaba, ndiyo mikono. Miguu iache mirefu kuliko unavyodhani ni sawa, maana robo itazama kwenye kitako. Hapo una kijiti-mtu. Mpe mwendo kabla hujamvika nyama: goti moja mbele, kiuno kimelala kidogo, mkono wa kulia juu. Mhehe anayekimbia kuteremka mlima hasimami kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Halafu chana toilet pepa vipande vyembamba kama tambi, chovya kwenye gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa na maji nusu kwa nusu, mzungushie. Kifua mara tatu, paja mara mbili, mkono mara moja. Mwache alale usiku kucha. Asubuhi amekuwa mgumu kama mfupa wa kuku, na ukimwangusha sakafuni hapati kitu. Mkuki ni unywele wa brashi ngumu ya plastiki, ncha ibonyeze kwa koleo iwe bapa. Ngao ikate kwenye boksi la maziwa, umbo refu la yai, uipake madoa ya ng'ombe. Kitako ni kizibo cha soda kilichojazwa gundi na mchanga.

Kumi kwa jioni moja unafikisha ukizoea. Wa kwanza watano watakuwa na sura ya mizizi ya muhogo, waweke safu ya nyuma.

Nilijaribu pia udongo, kwa kuona vyungu vizuri wanavyofinyanga akina mama wa Kikisi kule Matema. Chungu ni chungu. Mtu wa sentimita mbili na nusu akiwa wa udongo, mkono unakatika ukimtazama tu.

Kuna njia ya karatasi pia, na kwa darasani ndiyo ningekushauri uanze nayo. Chora askari mmoja mbele na nyuma, mpige kopi 20 kwenye karatasi moja pale steshenari, gandisha kwenye manila, kata, simamisha. Wanafunzi wapake wenyewe. Darasa la watu 45 linakutengenezea majeshi yote mawili kwa kipindi kimoja, na hakuna wa kukuuliza habari za uchawi.

Deni likishakwisha na mkakubaliana wawili, unaweza kununua sanduku moja la plastiki la kipimo cha 1/72. Kipimo hicho maana yake mtu wa sentimita 172 anakuwa na milimita 24, na sanduku huwa na watu 40 au zaidi kwa bei ya chini sana kuliko hao wako wa chuma. Sanduku la Wahehe usilitafute. La Wazulu wa vita vya 1879 na Waingereza utalipata, na si kosa kubwa: Wahehe walichukua mengi ya kivita kwa Wangoni, na Wangoni chimbuko lao ni huko huko kusini. Kwangua manyoya na mapambo ya miguuni kwa wembe, badilisha ngao. Kwa askari, tafuta Wamisri au Waturuki wenye tarbushi. Na kabla hujapaka sare yoyote, njoo Iringa uingie makumbusho ya Boma, kisha Kalenga, ambako fuvu la Mkwawa limehifadhiwa tangu liliporudishwa mwaka 1954. Tazama mikuki na ngao zilivyo. Picha moja ya zamani ukiikodolea macho nusu saa inakufaa kuliko video 20.

Plastiki ile laini ina tabia ya kuikataa rangi. Ioshe kwanza kwa maji na sabuni ya kuoshea vyombo, ikauke, ipake gundi ya mbao iliyozimuliwa, ndipo rangi. Ukiruka hatua hiyo, rangi itabanduka kwenye bunduki na vifundo vya miguu siku ya kwanza ya mchezo. Rangi ya kucha usiiguse, ile dawa yake inaila baadhi ya plastiki. Rangi zenyewe huhitaji chupa 30 wanazoonyesha kwenye video. Nyeusi, nyeupe, nyekundu, njano na bluu. Kahawia unaipata kwa nyekundu na njano na tone la bluu, na hapa nakuomba jambo moja: changanya kahawia tatu tofauti. Nimeona sanamu za Waafrika zilizopakwa huko nje, jeshi zima rangi moja kama viatu vya kiwi. Angalia watu waliopanga foleni Mwanjelwa kusubiri daladala, hata wawili hawafanani. Paka ile nzito kwanza, kisha ile nyepesi kidogo iguse pua, mashavu na vifundo vya vidole. Mwishoni zimua nyeusi na kahawia kwa maji mengi mpaka iwe kama chai ya rangi, imwagilie kwenye mikunjo ya nguo. Utadhani umelipia.

Kwa bei za hapa Mlandege, Iringa, mwezi uliopita: gundi ya mbao 4,000, rangi za akriliki tyubu kumi na mbili 12,000, brashi mbili ndogo 3,000, manila 1,000, supaglu 1,000, dadu 1,000. Hiyo ni 22,000. Waya, maboksi na vizibo ni bure, ingawa mwenye grosari atakushangaa.

Milima ni ile povu nyeupe inayokuja na friji au televisheni. Nyasi ni vumbi la mbao. Kaka, sisi watu wa nyanda za juu tumebarikiwa kwa hilo. Mafinga kule kwenye mbao za Sao Hill wanalirundika kama vichuguu. Lipepete kwa chujio la chai, changanya na rangi ya kijani na njano, kausha juani. Kwa Lugalo zidisha njano, Agosti ni kiangazi.

Utakutana na mtu wa kukushauri uyeyushe risasi, ile metali nzito ya betri za gari, ujimiminie askari mwenyewe. Usithubutu. Moshi na vumbi la madini yale vinaingia mwilini na havitoki kirahisi, na anayeumia zaidi ni mtoto, kwenye ubongo. Una Tumaini wa miaka minne ndani ya nyumba. Kwa sababu hiyo hiyo, wale Warumi wa mgeni usimpe achezee, sanamu za chuma za zamani nyingi zina risasi ndani yake. Kama hujui umri wao, juu ya kabati, na unawe mikono ukishawashika. Wafaransa wamalize kupaka polepole, wamekugharimu vya kutosha, wasibaki uchi. Kifaru mpe Tumaini, kama ni cha plastiki na hakina vipande vya kumezeka.

Kabla ya kutengeneza kilima, nenda ukakione. Mnara wa Lugalo uko kando ya barabara kuu ukitoka Iringa kwenda Morogoro, kabla ya Ilula. Mwambie kondakta mapema, la sivyo atakushusha mbele. Simama pale upande wa bonde, tazama mteremko, hesabu ni hatua ngapi kutoka kwenye kichaka mpaka barabarani. Zikimbie kama magoti yanaruhusu. Hizo ndizo utakazozigeuza sentimita kwenye sheria zako, nazo ndizo zitakazokuonyesha kwa nini hakuna aliyewahi kufungua kamba za ile Maxim mgongoni mwa punda.

Njoo na mama Tumaini. Na siku ya mchezo wa kwanza, mezani, mchana, mlango wazi, mpe yeye awaongoze Wahehe. Wewe uwe Zelewski. Kwa mwaka huu unastahili.

Mjomba